Mechi Iliyongoja Ambulensi

Watu huniuliza kwa nini siku hizi siendi uwanjani, na mimi huwajibu kwamba magoti yananiuma. Uongo mtupu. Magoti yangu ni mazima. Nikiona nyasi zilizochorwa chokaa tu, roho yangu inakuwa mbaya siku nzima, na nikiwa na roho mbaya hata mume wangu hupita mbali.

Mimi nilikuwa kocha wa timu ya mpira ya chuo chetu, hapa Thika, upande wa Kiganjo. Ndiyo, mwanamke. Vijana walishangaa kwa wiki moja, kisha wakazoea kuitwa majina na mtu anayeitwa madam. Timu yenyewe ilikuwa imefutwa miaka mingi kabla, baada ya wanafunzi wetu na wale wa chuo cha Ruiru kupigana hadi mabweni yakafungwa. Sasa mkuu wa wanafunzi alikuwa ameamua kuifufua, lakini kwa masharti. Aliniita ofisini akaniambia, "Madam, nakupa msimu mmoja. Mkishushwa daraja, nafunga hii kitu na sitaki kuisikia tena." Alisema hivyo akimenya ndizi, kama mtu anayezungumzia kubadilisha pazia.

Basi nikaanza na nilichokuwa nacho. Kipa wangu alikuwa anasomea udongo. Mawinga wangu wawili walikuwa hawaongei kwa sababu ya msichana mmoja wa bweni la juu. Nahodha wangu alikuwa kijana wa mwaka wa nne, mrefu, mpole kupita kiasi, beki wa kati ambaye akimwangusha mtu alimwomba msamaha kabla refa hajapuliza. Nilimgombeza sana kwa hilo. "Kwani uko kanisani?" nilimwambia. Akacheka tu. Lakini wenzake walimpenda, na akisema kimbia, walikimbia mpaka wakatapika.

Uwanja wetu ulikuwa wa udongo mwekundu upande mmoja na matope upande mwingine, hata wakati wa kiangazi, kwa sababu ya bomba lililopasuka ambalo hakuna fundi aliyewahi kuliona. Ng'ombe wa majirani walikuwa na haki zaidi ya sisi hapo. Tulifanya mazoezi saa kumi, vijana wakitoka darasani na njaa, na mimi nikiwapigia kelele mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa nimeipenda ile timu kwa namna ya kijinga. Niliiota usiku.

Tulishindwa mechi nyingi, tukatoka sare kadhaa, tukashinda chache. Ilipofika mechi ya mwisho tulikuwa tumening'inia. Tukishinda, tunabaki kwenye ligi. Tukitoka sare au tukishindwa, tunashuka, na timu inakufa. Na ni nani walikuwa wanakuja? Wale wa Ruiru. Haki, Mungu naye wakati mwingine!

Wao walikuwa na kila kitu. Basi lao wenyewe, uwanja wa nyasi zilizonyweshwa, na mashabiki wanaotoka mitaa ya Wendani na Sukari wamepaka nyuso rangi. Hawakuhitaji pointi zetu, walikuwa katikati ya jedwali wametulia. Lakini kutushusha sisi, kutuzika kabisa, hiyo ingekuwa Krismasi kwao.

Sasa, kuna jambo moja lazima nilieleze. Kwenye ligi yetu, timu ya nyumbani ndiyo huleta ambulensi. Bila ambulensi uwanjani refa hapulizi filimbi, na ikiondoka na mgonjwa katikati ya mechi, mchezo unasimama. Refa husubiri nusu saa. Gari lisiporudi, wenyeji wamepoteza, hata kama walikuwa wanaongoza mabao kumi. Mapema msimu huo sisi wenyewe tuliokota pointi za bure hivyo, tukaimba njia nzima kurudi nyumbani. Kila mtu aliijua hiyo sheria. Hata akina mama wa kuuza mahindi pale getini waliijua.

Siku hiyo nilikuwa nimebembeleza kliniki ya chuo mpaka muuguzi wao, sista, akanipa ile ambulensi yao kuukuu na dereva, akaja nayo mwenyewe. Tukaanza. Na vijana wangu, jamani, walicheza! Sijui walikula nini. Kabla ya mapumziko, winga mmoja alimpasia yule mwingine asiyeongea naye, akafunga, wakakumbatiana kama ndugu waliopotezana. Nililia hapo hapo pembeni ya uwanja, sikuona haya.

Kipindi cha pili Ruiru wakaja juu yetu. Tulikuwa tunaondoa mipira kwa vichwa, kwa magoti, kwa chochote. Zilikuwa zimebaki kama dakika ishirini hivi wakati mshambuliaji wao, kijana mdogo mwenye nywele za kusuka, aliporuka na kipa wangu kwenye kona. Waligusana. Kipa akainuka. Yule kijana hakuinuka.

Alilala kimya, macho yamefungwa, mkono umejikunja chini yake. Sista akakimbia. Na kabla hajafika, uwanja mzima ukaanza kupiga kelele: "Anajifanya! Anajifanya! Wanataka gari iende!"

Na mimi nitasema ukweli, nilifikiria hivyo hivyo. Nilimtazama kocha wao. Alikuwa amekunja mikono, hata hajasogea. Mtu ambaye mchezaji wake amezimia hasimami namna hiyo. Lakini mimi si daktari. Sista alipiga magoti, akamwita yule kijana, akamfinya kidole, hakuna kitu. Akaniangalia. "Madam, ni kichwa hiki. Mimi siwezi kuchezea kichwa cha mtoto wa mtu. Twende hospitali, Thika mjini."

Walipombeba kumpeleka kwenye gari, mashabiki wetu wakamwagika kutoka pembeni wakakaa chini mbele ya ambulensi. Karibu bweni zima. "Haitoki! Madam, hawa wanatucheza, haitoki!" Nahodha wangu alikuja akasimama kando yangu akihema. Nilijua anachotaka. Wote walitaka nichelewe kidogo tu, dakika chache, yule kijana achoke kulala ainuke mwenyewe. Na mimi nilitaka zaidi yao.

Lakini je, kama si mchezo? Je, afie hapo uwanjani tukiwa tunabishana?

Niliwavamia wale wanafunzi kama nyuki. Nilivuta mtu masikio, nikamkanyaga mwingine mguu, nikatukana kwa Kiswahili na Kikuyu mpaka wazee wa jirani wakageuka. "Ondokeni! Ondokeni mbele ya hii gari, mnataka kuua mtu?" Wakaondoka, wengine wakilia kwa hasira. Refa akaangalia saa yake. Nikapanda nyuma na sista, kwa sababu nilijiambia nikiwa ndani ya lile gari, mimi ndiye nitalirudisha.

Tukaenda, king'ora kikilia. Tulipofika karibu na reli, tukakwama kwenye jam, malori mbele, malori nyuma. Nilimshika yule kijana mkono. Nikaanza kulia, si kwa ajili yake peke yake, kwa ajili ya kila kitu. "Woi, Mungu wangu, mtoto wa watu. Amka, kijana. Amka tafadhali." Nikamfuta jasho na mkono wa jaketi langu.

Akafungua macho.

"Madam," akasema, "usilie. Sina kitu."

"Nini?"

Akageuza uso pembeni. "Niliambiwa nikiguswa nilale. Nisiinuke mpaka gari itoke. Madam, pole. Haki pole."

Mkono wangu ulikuwa umeshainuka kumpiga. Sista aliukamata. Akamulika macho ya kijana na tochi, akamwambia fuata kidole, keti, taja jina la mama yako. Alifanya yote bila shida. "Mzima kabisa huyu," sista akasema, na nilimsikia akisonya kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Geuza!" nikampigia dereva kelele. "Geuza hii gari!"

"Madam, nigeuzie wapi?"

"Pitia kwa kichwa chako! Geuza!"

Akapanda ukingo wa barabara, akapita mbele ya vibanda vya nyanya huku watu wakiruka, king'ora kikilia kwa ajili ya mgonjwa mzima. Nilihesabu moyoni. Tulikuwa na wakati. Sio mwingi, lakini tulikuwa nao. Nilikuwa nacheka na kulia, nikimwambia yule kijana, "Utashuka na miguu yako mwenyewe, utamwambia refa, unasikia?" Akaitikia kwa kichwa kila mara.

Tulipokaribia chuo, nilisikia kelele, nikafikiri wanashangilia. Nilifikiri wameona gari letu.

Basi la Ruiru lilikuwa limevunjwa vioo. Mawe yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye duara la kati. Mashabiki wetu, wale wale niliowafukuza mbele ya gari, hawakungoja. Kocha wa Ruiru alikuwa amewacheka, ndivyo walivyoniambia baadaye, ndipo moto ukawaka. Polisi wawili walikuwa wamesimama na refa kando ya goli. Na mbele ya mlango wa basi alikuwa nahodha wangu, mikono ameitandaza kuwakinga wageni, damu ikimtoka juu ya jicho kwa jiwe lililorushwa na watu wake mwenyewe.

Nilimkimbilia refa. "Gari limerudi! Nusu saa haijaisha! Angalia saa yako!"

Akaangalia. Alikuwa mtu mzima, si mtu mbaya. "Haijaisha, madam. Kweli kabisa. Lakini mechi nimeshaivunja, na mashabiki wa wenyeji wakileta fujo, wenyeji wamepoteza. Nimewaambia mashabiki wenu mara mbili watoke uwanjani."

Yule kijana wa nywele za kusuka alishuka, akaja mbio mpaka hapo. "Ref, nilidanganya," akasema. "Sikuumia. Waache wacheze."

Refa akatoa kalamu. "Hilo nitaliandika," akasema. "Na mawe pia nitayaandika."

Sikuwa na nguvu ya kumtukana mtu. Fikiria, mimi! Walikuwa wamesema kweli, wale wanafunzi. Anajifanya, walisema, na alikuwa anajifanya. Wangekaa tu chini kwenye udongo wakasubiri, tungecheza zile dakika zilizobaki tukiwa mbele, na labda tungeshinda. Niliketi kwenye ngazi ya nyuma ya ambulensi. Sista alimleta nahodha akaanza kumshona juu ya jicho, na yeye hakupiga hata kelele.

Wachezaji wengine wakaja mmoja mmoja, wakatuzunguka wakiwa bado na jezi. Hakuna aliyeuliza imekuwaje. Walijua sheria vizuri kuliko mimi. Mawinga wangu wawili walikuwa wameshikana mabega.

Nahodha akageuza kichwa, sindano ikiwa bado kwenye nyusi. "Madam," akasema, "Jumatatu tuko na mazoezi?"

Wote wakaniangalia. Nilimwona mkuu wa wanafunzi akitoka kwenye gari lake kule getini, akija kwetu polepole, akitazama vioo vilivyovunjika.

"Saa kumi," nikasema. "Na msichelewe."

"Sawa, madam," wakajibu wote.