Kamati Iliyokataa Kahawa

Barua saba nilizichapa mimi mwenyewe, kwa vidole hivi, na ile ya saba niliichapa huku nimeuma meno. Nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi hapa mtaa wa Hamugembe. Kama kuna mtu anataka kujua jinsi mwananchi anavyozungushwa mpaka soli za viatu zinaisha, aje aniulize mimi Nuriat. Wengine watakusimulia habari za Kokubanza kwa upole. Mimi upole ulinitoka zamani.

Kokubanza ni jirani yangu, mjane wa miaka sitini na tatu, Mlutheri wa kwaya ya akina mama, na anauza kahawa ya kutafuna pale stendi ya mabasi. Buni anazichuma zikiwa mbichi, anazichemsha na majani anayoyajua yeye, anazianika, kisha anazifunga kwa majani makavu ya mgomba, vifurushi vidogo vya kutosha kiganjani. Wasafiri wa Mwanza na Dar hununua wakawapelekee ndugu zao. Nyumbani ana kikapu kidogo chenye mfuniko, cha wageni tu. Ukiingia kwake huulizwi shida yako mpaka utafune. Yeye hutia yake mdomoni kwanza, ndipo akunyooshee kikapu. Alilelewa hivyo kwao Rubafu, na Wahaya wengi walilelewa hivyo, hata hawa wanaojifanya wamesahau.

Wazo la maandamano ya mila lilianzia kwa mjukuu wake, Violeth. Baba mdogo wa Kokubanza, Mzee Josia, ambaye yeye humwita Tata, yaani baba, alikuja mjini kutibiwa macho, akaja na enanga yake. Enanga ni ule ubao mrefu wenye nyuzi ambao mpigaji huuweka mapajani, akaimba habari za watu wa kale. Violeth aliutazama ubao ule akauliza kama ni wa kufulia nguo. Mzee alicheka sana. Kokubanza hakucheka, na kesho yake asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni kwangu kabla sijafungua duka.

"Nuriat, niandikie barua," aliniambia. "Nataka Tata apite katikati ya mji akipiga enanga, watoto wamwone kwa macho yao. Aroni wa Ngenge naye aje, aonyeshe gome la mti linavyogongwa mpaka linakuwa nguo. Na nyie Waislamu wa mjini mje na dufu zenu. Mji huu ni wenu pia."

Nilimpenda kwa hayo maneno ya mwisho. Babu yangu alitoka pwani, akaoa hapa, akazikwa hapa, na mpaka leo kuna watu wananiuliza kwetu ni wapi. Sikumtoza Kokubanza hata karatasi moja.

Wala hakuomba makubwa. Aliomba barabara ifungwe asubuhi moja, kutoka Hamugembe mpaka ufukweni, na apewe gari la kuwaleta wazee wa Rubafu na Ngenge pamoja na chakula chao cha siku hiyo. Maombi ya namna hiyo yalipitia kwenye Kamati ya Urithi Wetu, na mwenyekiti wake alikuwa Bwana Mwijage, mzaliwa wa Muleba, mtu wa suti na manukato. Huyo hakuwa mgeni wa mila zetu. Alikulia kwenye kahawa ileile.

Barua ya kwanza ilirudi kwa kuwa haikuwa na muhuri wa mtaa. Ya pili ilirudi kwa kuwa kikundi hakikusajiliwa, tukakisajili. Ya tatu walitaka muhtasari wa kikao wenye saini za wanachama wote. Kokubanza akapanda gari mpaka Muleba, akachukua bodaboda mpaka Ngenge, akamfuata Aroni shambani kwa ajili ya saini moja. Alirudi amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Kamati ikasema kikao kilifanyika Jumapili na Jumapili si siku ya kazi. Mimi niliangua kicheko pale ofisini kwa hasira, nikaombwa nitoke nje. Ya nne walisema imepotea, na aliyeipoteza ndiye aliyetuuliza kwa ukali kopi yetu iko wapi. Ya tano na ya sita tuliambiwa mchakato unaendelea. Mtu akikuambia mchakato unaendelea, jua yeye amekaa.

Kokubanza hakuwahi kupandisha sauti. Alikuwa akiniambia tu, "Chapa nyingine, mwanangu. Tata bado ana nguvu." Lakini kila mwezi macho ya mzee yalizidi kufifia, na vidole vyake vilianza kutetemeka asubuhi. Wote tulijua tunashindana na nini.

Baada ya barua ya saba wakasema watakuja kumwona mzee na kukagua nyaraka. Siku hiyo Kokubanza alitandika majani mabichi sakafuni, kama inavyofanywa kwa wageni wa heshima, nyumba nzima ikanukia. Mzee Josia aliletwa tena kutoka Rubafu. Mimi nilikuwa na faili mkononi, kila karatasi na muhuri wake.

Bwana Mwijage alikuja na mwenzake mmoja. Hakuvua viatu. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akatoa simu akasema mzee aanze. Mzee Josia akapiga, na alivyopiga siku ile hata wapita njia walisimama uani. Mwijage alimrekodi mwanzo mpaka mwisho. Wimbo ulipomalizika nikanyanyuka na faili langu, Kokubanza akanishika mkono.

"Weka kwanza," alininong'oneza. "Mgeni hajatafuna. Utamwombaje kitu?"

Akaingia chumbani kuchukua kikapu. Nikasikia sauti yake ikiwakaribisha, nikamsikia Mwijage akiitikia kwa adabu. Kokubanza alipotoka na kikapu, mlangoni hapakuwa na mtu. Gari lilikuwa linageuza barabarani.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili: ombi limekataliwa kwa sababu kikundi hakikuwa na nyaraka zilizotakiwa. Nyaraka ambazo nilikuwa nimezikumbatia kifuani! Nilikwenda kwa Kokubanza na barua ile nikamtupia mezani. Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia yeye na kahawa yake ndio waliotuponza, kwamba watu wa ofisini hawana siku nzima ya kukaa kwenye majani wakitafuna buni, na kwamba kama angeniacha nikabidhi faili, mzee angekuwa barabarani. Alifunika kikapu akakiweka chini ya meza.

Tangu siku hiyo sikutafuna kwake. Alikuwa akinisalimu asubuhi, ananinyooshea kifurushi, nasema nimeshiba. Kwa miezi mitano niliendelea hivyo, na kwa miezi mitano yeye alijilaumu. Binti yake alinieleza kwamba mama yake aliacha kuimba kwaya. Kokubanza alisema amemnyima Tata njia kwa sababu ya ushamba wake.

Halafu yakabandikwa matangazo mji mzima: Tamasha la Urithi Wetu. Nilisoma tangazo nikiwa nimesimama, ikabidi nikae. Njia ilikuwa ileile, kutoka Hamugembe mpaka ufukweni. Kulikuwa na wagonga magome na dufu, na mpiga enanga alitajwa pia. Ni barua yetu waliyoichukua wakaivika kofia. Kokubanza yeye aliona jina la enanga tu, akafurahi kama mtoto.

"Watamwita Tata," alisema.

Hawakumwita. Kokubanza alimleta mwenyewe, na Mzee Josia akafika asubuhi juu ya bodaboda, enanga yake imefungwa kwenye nguo ya gome. Kwenye geti la kuanzia, msichana mwenye orodha alimwambia hayupo kwenye ratiba. Mzee alidhani ameambiwa asubiri. Basi tukasimama naye kando ya barabara, karibu na jukwaa la mgeni rasmi, yeye, Kokubanza, Violeth na mimi. Nilikwenda nikiwa bado nimenuna, lakini kumwacha yule mzee peke yake nilishindwa.

Wakapita wacheza ngoma waliokodiwa kutoka mbali, wamevaa vitenge vilivyochorwa vifanane na magome. Aroni hakuwepo. Nyuma yao likaja lori la spika, na juu ya lori kijana mwenye misuli, amepakwa mafuta, ameweka mapajani enanga ya plaiwudi yenye nyuzi za kuvulia samaki. Vidole vyake vilikuwa vinacheza hewani. Sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa ya Mzee Josia.

Mzee aliinua kichwa. Macho yake hayakuona lori, yaliona rangi tu.

"Nani huyo anaimba wimbo wangu?" aliuliza.

"Ni wewe, Tata," Kokubanza alisema.

"Mimi niko hapa."

Kokubanza alimshika mkono. Mimi nilikuwa na jibu, lakini lisingefaa mbele ya mtoto. Walimpora mzee sauti yake, wakampa mtu mwenye misuli, na mwenyewe wakamwacha juani bila hata kiti.

Lori likafika mbele ya jukwaa, likasimama ili mgeni rasmi afaidi. Wimbo ukafika mwisho, watu wakapiga makofi. Lakini spika haikunyamaza. Ilitoka sauti ya mwanamke, kubwa, ikagonga kuta za maduka: "Waitu, wageni wangu, karibuni mketi, mtafune kwanza!"

Kokubanza alijishika mdomo. Ilikuwa sauti yake.

"Naam, mama, tunakuja," ikajibu sauti ya Mwijage. Zikasikika nyayo na mlango wa gari. Alisahau kuzima simu siku ile, na wala hakujisumbua kusikiliza alichorekodi mpaka mwisho. Angesikiliza lini, mtu ambaye hata kahawa hakuwa na muda nayo?

"Andika kwamba hawakuwa na nyaraka," ilisema spika.

"Lakini hatujawaomba, mheshimiwa," sauti ya yule mwenzake ilijibu.

"We andika hivyohivyo. Mzee tumeshampata humu kwenye simu, gari la kumbebea la nini? Njia yao nzuri, tutaitumia sisi. Twende kabla yule mama hajatuletea kahawa yake."

Hapo mtu juu ya lori ndipo alipozinduka akachomoa waya. Kisha pakasikika mtu mmoja akizomea, halafu wengi. Yule kijana wa misuli aliweka ubao wake chini taratibu, akateremka, akajichanganya na watu.

Mimi sikuzomea. Nilikuwa namtazama Kokubanza. Alikuwa amesimama wima, machozi yanamtiririka, na alikuwa akirudia neno moja: "Hawakuomba. Nuriat, hawakuomba." Kumbe siku ile faili langu lingekuwa mkononi, kichwani au mezani, majibu yangekuwa yaleyale. Mwijage alishaamua kabla kikapu hakijafunguliwa. Na mimi, msomi wa barua na mihuri, nilikuwa nimemtwisha yule mama kosa lisilo lake kwa miezi mitano.

Bwana Mwijage akashuka jukwaani mbiombio, jasho limelowesha kola.

"Mama, haya mambo tutayazungumza ofisini," alisema kwa sauti ya chini.

Kokubanza alifuta uso kwa ncha ya kanga. Sijawahi kumsikia akisema na mtu vile.

"Siku ile ulikuwa mgeni wangu, nikakuletea kahawa. Leo mimi na Tata ni wageni wako. Yako iko wapi?"

Naapa niliuona mkono wa Mwijage ukipapasa mfuko wa koti, kana kwamba kahawa ingepatikana humo.

Kokubanza alimpa mgongo. Alitandaza ile nguo ya gome katikati ya barabara, mbele ya lori, akamkalisha mzee juu yake na kumwekea enanga mapajani. Askari mmoja akasogea. Alimtazama mzee, akatazama lori, akageuka kuwasukuma watu nyuma ili mzee apate nafasi. Mzee Josia akaanza. Enanga haina kelele, na vidole vilikuwa vinatetemeka, kwa hiyo waliokuwa mbele walichuchumaa, wa nyuma wakaombana wanyamaze. Violeth alikaa karibu kabisa, magoti yake yanagusa ubao. Mgeni rasmi alikaa kwenye kiti chake akingoja maandamano yaliyogoma kusogea.

Wimbo ulipokwisha mzee aliomba kahawa. Kokubanza akatoa kikapu kwenye mkoba. Kumbe alitembea nacho siku nzima, baada ya yote niliyomwambia. Akafungua mfuniko, akatia yake mdomoni, akampa mzee, halafu akanigeukia mimi.

Nilishindwa kunyoosha mkono. "Ma," nilianza, "yale niliyokuambia siku ile..."

Alitikisa kichwa, akanisogezea kikapu mpaka kifuani.

"Tafuna kwanza," alisema.