Maboya ya Baba Mkwe Ndani ya Klachi Yangu

Ni mimi nilikosa. Nasema mwenyewe mapema, kabla watu wa hapa kwetu Suna hawajanisaidia kusema, maana kwa mambo kama haya hao hawana uvivu.

Lakini sitabeba mzigo peke yangu! Kuna mtu anaitwa Ochola, fundi wa baiskeli pale sokoni. Baiskeli, mnasikia? Mwandikeni huyo pia.

Pikipiki niliuziwa na mzungu wa pamba alipokuwa anafunga virago mwaka ule wa uhuru. Bendera ilikuwa mpya, pikipiki ilikuwa zee. Hata yeye aliikuta zee. Lakini mimi, mtu wa darasa la tatu, nikipita Suna na ule moshi, nilijiona mkuu wa wilaya.

Halafu klachi ikaanza kuteleza. Unaongeza moto, injini inalia kama ng'ombe anayezaa, gurudumu linazunguka kama halijaambiwa. Mlimani mbuzi walikuwa wananipita, na wakinipita wananiangalia usoni!

Kila siku nikawa nakaza ule waya wa klachi. Inateleza? Kaza. Bado? Kaza tena.

Nikaipeleka Isebania kwa Maroa, fundi wa kweli, Mkuria asiyependa maneno mengi. Akagusa mkono wa klachi kwa kidole kimoja.

"Waya umekazwa sana, klachi haipati kufunga. Legeza kidogo, uache nafasi. Kazi imeisha."

Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. "Maroa! Kitu kinateleza unaniambia nilegeze? Suruali ikiteleza, wewe hulegeza mshipi?"

"Suruali si klachi, mzee," akasema, akarudi kwa kazi yake.

Mpumbavu mimi! Nilirudi Suna na kiburi changu, nikakaza tena.

Hapo ndipo Ochola alipojileta. "Omera, ndugu yangu, shida si waya. Ndani kuna sahani, na hizo sahani zina vipande vya kizibo, kama cha chupa ya mvinyo. Vimekwisha."

"Vizibo nitatoa wapi?"

"Kwani wakwe zako wa Sori si wavuvi? Boya la wavu na kizibo ni ndugu. Leta, nitachonga."

Kweli maboya ya kule ni ya ule mti mwepesi wa ziwani. Ningeweza kukata wangu, niuache ukauke. Lakini mimi na kungoja tulijuana lini?

Jumapili nikaenda Sori kusalimia. Mama mkwe akaniwekea kuku, baba mkwe akanimegea paja kwa mkono wake. Walipoenda kanisani nilisema nina tumbo. Wavu ulikuwa umeanikwa nyuma ya ghala. Nikakata maboya saba ya katikati ya wavu, kisha nikasogeza yaliyobaki ili pengo lisionekane. Akili hiyo, mtu angeipeleka shule!

Ochola akachonga, akagonga vipande kwenye sahani. Tukajaribu barabara tambarare. Ikashika kama kupe! Tukakumbatiana kama waliookoka.

Juma lililofuata nilikwenda Sori tena, kujionyesha. Nikakuta kilio. Wavu ulikuwa umezama katikati, ukanasa kwenye miamba. Mzee alikuwa anauvuta, kamba ameizungusha mkononi, wimbi likasukuma mtumbwi. Kamba ikamsaga vidole. Mkono ule ule ulioninyofolea paja la kuku.

Mke wangu Atieno alikuwa amekuja kwao tangu jana yake. Akanishika shati. "Si una pikipiki? Mpeleke baba hospitali, Homa Bay!"

Mzee akapanda nyuma yangu, akanishika kiuno kwa mkono mzima. Kwetu mkwe na mkwe hawakaribiani hivyo, lakini damu haijui heshima.

Tulienda vizuri hadi ule mlima wa kuelekea Rodi. Hapo injini ikapiga kelele, gurudumu likakataa. Nikaongeza moto. Moshi ukatoka chini, mweupe, mzito. Na ule moshi, jamani, ulinuka samaki!

Mzee akavuta pumzi. Akavuta tena.

"Ora," akaniita, yaani mkwe wangu. "Pikipiki yako imekula nini?"

Nikazidi kuongeza moto.

"Hayo ni maboya yangu."

Pikipiki ilisimama, ikaanza kurudi nyuma, breki nazo zilikuwa za kuombea. Mzee aliruka kama kijana. Mimi nilianguka nayo, bomba la moshi likalala juu ya mguu wangu. Mpaka leo nachechemea, na nyama ya pale ilinuka vibaya kuliko samaki.

Tulikaa pale jua zima likitupiga. Yeye ameshika mkono, mimi nimeshika mguu. Mwisho likaja lori la pamba. Dereva akagusa mkono wa klachi, akatikisa kichwa. "Nani alikaza waya hivi? Hata klachi mpya ingeungua."

Kwa kidole kimoja! Kama Maroa!

Lori likatufikisha hospitalini, wakasema tumechelewa. Wakakata vidole viwili. Muuguzi alipomuuliza aliumiaje, alisema, "Ziwa." Atieno alipomuuliza, alisema vile vile. Niliyesema ukweli ni mimi, na siku tatu hakuna aliyenipa hata maji ya kunawa.

Ochola bado yuko sokoni. Anasema kosa ni langu, eti sikuyaloweka kwenye mafuta. Mungu anamwona.

Nyinyi wenye pikipiki, nisikilizeni mimi kilema. Klachi ikiteleza, legeza waya kwanza. Fundi akisema neno usilolielewa, funga mdomo ufanye. Na kitu cha mtu kinachokaa bure kwa macho yako, huenda ndicho kinachomshikilia asizame.

Mzee hawezi tena kufunga fundo. Basi kila Jumamosi naenda Sori, kwa miguu, na huu mmoja mbovu, nakaa mbele yake namfungia maboya moja moja. Hanitukani. Ananitazama tu, na nikivuta kamba kwa nguvu ananigusa bega kwa vile vidole vitatu.

"Legeza, ora. Acha nafasi kidogo."