Chale za Mama Zisifutike

Mimi ni mtu wa Nambis, kule juu kwenye baridi ya Mbulu, lakini duka langu la kutengeneza kadi, mabango na vijarida vya misiba liko Katesh, chini ya mlima Hanang. Kazi yangu naiweza. Nalisema hili bila haya, maana aibu ni kujidai kwa usichokijua. Picha ikitoka mikononi mwangu kwenda kwa wachapaji inafika nzima, na isipofika nzima nitakuwa wa kwanza kupiga kelele.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja wa Dirma, wa jamii ya wafugaji, mtu mzima kwangu. Nikamwamkia, akaitikia, akafungua fundo la shuka yake na kutoa memori kadi. Mama yake alikuwa amefariki, na ukoo ulitaka picha yake kubwa isimamishwe siku ya kuhitimisha msiba. Yule bibi hakupenda kabisa kupigwa picha. Aliyempata ni mpiga picha wa harusi ya mjukuu, tena mara moja tu.

Nilipoifungua, uso wake ulijaa kioo chote cha kompyuta. Chale zilizunguka macho yote mawili, vidoti vidogo vilivyopangwa mstari kwa mstari, kama walivyochanjwa akina mama wengi wa zamani wa kabila lao. Karibu na jicho la kushoto mstari ulikatika, ukaanza tena chini kidogo.

"Hapo alikimbia," yule mama akaniambia. "Alikuwa msichana. Alisikia maumivu, akamponyoka anayemchanja, wakaenda kumkamata zizini, ndiyo wakamalizia. Alikuwa akitusimulia anacheka mpaka anatoa machozi. Mwanangu, vingine vyote vikipotea, hapo pasipotee."

"Hapatapotea, mama," nikamjibu, na nilikuwa na hakika.

Hakika yangu ilikuwa na sababu. Watu wengi huona picha iko safi kwenye kompyuta wakadhani na karatasini itakuwa hivyo hivyo. Kioo kinasitiri, karatasi inasema yote. Unapotoa PDF, kompyuta inataka uchague kama ni ya kuangalia au ya kuchapa. Ukichagua ya kuangalia, inazibana picha na kutupa vitu vidogo vidogo ili faili liwe jepesi, na kilichotupwa hakirudi hata uombe vipi. Mimi huchagua ya kuchapa, halafu nashuka kwenye mipangilio nihakikishe hakuna mahali panapopunguza rezolusheni, yaani wingi wa nukta zinazoijenga picha. Faili linatoka zito, mtandao wetu haulibebi. Basi naliweka kwenye flashi, flashi kwenye bahasha, bahasha nampa kondakta wa basi la Arusha, waliko wachapaji wangu. Vijana wa maduka jirani wananicheka kwamba natuma faili kwa basi. Wacheke tu, mabango yao tunayaona.

Lakini katika ukoo ule hakuna kinachofanyika kabla kaka mkubwa wa huyu mama hajakiona, na kaka alikuwa na ng'ombe wake mbali huko nyikani, mahali ambapo ukitaka mtandao unapanda juu ya kichuguu. Nikamtengenezea nakala nyepesi ya kuangalia tu, nikamtumia kwa simu na kumweleza hivyo. Jioni akajibu: "Nimemwona mama. Ni sawa." Nikafurahi, nikaandaa flashi yangu.

Kumbe kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Mkubwa akishakisemea kitu ndiyo, kitu hicho ndicho, hakibadilishwi na kingine. Wachapaji wale aliwafahamu tangu walipochapa kadi za harusi ya mjukuu, kwa hiyo akawatumia yeye mwenyewe ile nakala aliyoisemea. Wao wakadhani imetoka kwangu. Wakachapa karatasi ya kwanza ya kuonyesha, wakaipakia kwenye basi la kuja Katesh kabla bahasha yangu haijaondoka.

Nilipoikunjua, yule mama wa Dirma alikuwa amesimama karibu yangu. Kwenye macho hapakuwa na chale. Palikuwa na mabaka mawili meusi.

"Nani amempiga mama?" akauliza, kwa sauti ya chini.

Nikawapigia wachapaji. "Dada, tumechapa tulicholetewa," wakasema, na walisema kweli. Nikampigia kaka mkubwa.

"Binti, mimi nilishasema ndiyo," akanijibu. "Neno langu liko kwenye ile. Hiyo nyingine siijui."

"Mzee, ni picha ile ile."

"Kama ni ile ile, mbona unataka kubadilisha?"

Yule mama aliikunja karatasi taratibu, uso wa mama yake ukaingia ndani. "Kaka akishasema, hiyo ndiyo itasimama," akasema. Iliniuma sana. Nilikuwa nimemwahidi, na kazi ilikuwa imeharibika bila mimi kukosea popote.

Siku ya mnada kaka mkubwa alikuja mjini. Nilikuwa nimepanga maneno makali, lakini kwetu huanzi na mzee kwa maneno makali, unaanza na shikamoo, na hiyo shikamoo ikayapunguza yale maneno nusu. Nikamketisha mbele ya kompyuta, dada yake nyuma yetu, nikafungua picha zote mbili. Akaitazama ile ndogo, akatikisa kichwa kukubali. Akaitazama kubwa.

"Hii ina vitu vingi kuliko ile," akasema, kama mtu aliyemkamata mwizi.

"Mzee, ukisimama mlangoni kwako, ng'ombe wako akiwa ng'ambo ya mbuga, unamjua?"

"Namjua. Kwa mwendo tu."

"Na alama ya sikioni unaiona?"

"Toka mbali hivyo? Siioni."

"Amepoteza alama?"

"Alama anayo. Yuko mbali."

"Ile niliyokutumia ni mama akiwa mbali, ili mtandao uweze kumbeba. Ulisema ni yeye, na ulisema kweli. Neno lako liko pale pale. Naomba tu umruhusu asogee."

Akanigeukia. "Tangu lini watu wa milimani wakatufundisha sisi habari za ng'ombe?"

"Tangu mlipoanza kutuletea picha, mzee."

Akacheka kidogo. Nikaikuza picha mpaka jicho la kushoto likajaa kioo, na hapo kicheko kikaisha. Akainama karibu na kioo, mkono juu ya fimbo yake. "Basi asogee," akasema.

Flashi iliondoka na basi la siku ileile. Karatasi ilipofika walikuja wote wawili, nikaitundika ukutani mwa duka. Chale zilikuwa zimetimia, kila moja peke yake. Kaka akapitisha kidole gumba chini ya jicho la kushoto bila kugusa karatasi, kikasimama pale mstari ulipokatika. Akavua kofia, akamwamkia kwa lugha yao, maamkio ya mtoto kwa mama yake. Nimekaa Katesh miaka ya kutosha kuyafahamu.

Maamkio hayo hayaachwi bila kuitikiwa. Alibaki amesimama, kofia mkononi, akiitazama picha. Dada yake ndiye aliyeitikia, kwa sauti ya kizee.