Miguu Iliyobaki Mahameni

"Nilidanganya, Semboja! Nilimdanganya mtoto ili anyamaze kulia. Na wewe na ndevu zako zote unaamini?"

"Mama, umedanganya miaka yote. Leo ndiyo unataka kusema kweli?"

Bibi Mwaija alisonya, akasukuma kuni motoni. Mwanawe alisimama kando ya jiko, kuku mweusi wa tambiko kwapani. Jua lilikuwa halijachomoza Sindeni, na chumbani mjukuu wake Zamda alilala akingoja maji ya moto, magoti yamevimba kama maboga machanga.

Ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi tangu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Mtoto wa miaka saba anaamka amekakamaa kama mpini. Bibi anamkanda kwa kitambaa cha moto, anamnyoosha kidole kimoja kimoja, hata jua likipanda ndipo anatembea. Daktari wa Korogwe alisema ni ugonjwa wa viungo, hata watoto huupata: apewe vidonge, akandwe, asiachwe kulala tu. Lakini Zamda aliuliza kwa nini miguu yake inachelewa kuamka, na Mwaija, aliyewahi kuapa kwamba chui alikuja kuazima chungu chake akakirudisha kimeoshwa, akamjibu, "Usiku inakwenda mahameni kucheza. Alfajiri inarudi imechoka."

Mtoto alicheka. Kijiji hakikucheka. Kule mahameni, kijiji chao cha zamani walikobomoa nyumba zao kwa mikono yao, wakayaacha makaburi bila hata kuaga, nani angecheka? Sasa wazee wameamua Zamda akalazwe usiku kucha juu ya kaburi la babu yake, miguu iombewe irudi.

"Umande utamkakamaza mpaka shingo," Mwaija alisema. "Yule mzee wangu akiwa hai hakuwahi kumbeba mtoto. Akifa ndiyo ajifunze?"

"Basi niambie hujaona kitu kule."

Mwaija aliinamia sufuria, akaanza kuchota maji ya kumkandia mtoto. Juzi, akiokota kuni mahameni, alichungulia lililokuwa jiko lake. Kwenye jivu kati ya mafiga palikuwa na nyayo za mtoto, mpya kabisa, vidole vimetanuka. Hiyo ndiyo hadithi pekee ambayo hakumsimulia mtu.

"Sijaona."

"Mbona maji yanamwagika, mama?"

Alitaka kumjibu. Hatua zikasikika ukumbini, polepole, zikiburuta. Kuku akapapatika. Zamda akatokea, amekumbatia mwimo wa mlango, jasho likimtiririka usoni.

"Nimekuja mwenyewe, baba. Jua bado halijapanda na nimekuja. Usinipeleke."

Semboja akamwachia kuku, akamnyooshea mtoto mikono.