Mwalimu Aliyeeleza Selule Mbele ya Chama

Habari imenifikia kutoka Lubutu kwamba mwalimu wa biolojia, ambaye enzi za Zaire darasa lake lilipakana na langu hapa Kindu, amefariki. Aliyeniletea ni mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini mwenye lori, mwanafunzi wake wa zamani. Alisimamisha gari, akashuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili: "Papa, mama mwalimu ametuacha." Nikamjibu kwa maneno mengi kama kawaida yangu, naye akaningoja kwa adabu mpaka nikamaliza. Ninyi mnaosoma safu hii mnanijua: sijawahi kukosa la kusema, hasa pale ambapo sina la kusema.

Wakati ule nilikuwa nafundisha Kifaransa. Nilivaa abakosti, lile koti rasmi la enzi zile, iliyonibana tumbo, na nilijiona mtu mzito kwa kuwa kila sherehe ilipofika mimi ndiye niliyeombwa kutoa hotuba ya shukrani. Mwenzangu alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu Kisangani. Hakupaza sauti, alisimama mbele ya darasa akangoja, na watoto wakanyamaza wenyewe. Prefe, yaani mkuu wetu wa shule, alimwomba awaeleze wazazi jambo jipya la sayansi siku ya Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka na kufagia mji. Akachagua namna seli inavyopokea ujumbe wa kukua. Tangazo likasomwa kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa seli ni selule. Bahati mbaya selule lilikuwa pia jina la tawi dogo kabisa la Chama, kile kimoja tu kilichotawala nchi, tawi lile la mtaani, ofisini, hata shuleni. Basi wakuu wa Chama wakajaa ukumbini, na komisere wa zoni, mtawala wetu, akaketi mstari wa mbele, wote wakitaka kusikia jinsi selule zao zitakavyokua.

Alieleza vizuri mno. Mtu akijikata, alisema, damu humwaga pale penye jeraha vichocheo vya ukuaji. Kichocheo hakiingii ndani ya seli. Hufika kwenye ngozi yake na kukamata kipokezi kinachokifaa, ambacho upande wake mmoja uko nje na wa pili uko ndani. Kipokezi kikishikwa hujiunga na mwenzake, sehemu zao za ndani zikaamshana, na kutoka hapo neno hupokezanwa mpaka kwenye kiini, na seli ikagawanyika. Kidonda kikifunga, vichocheo hupungua, na vipokezi vilivyoshikwa huvutwa ndani vikavunjwa. "Taabu inaanza pale kipokezi kimeharibika," alisema. "Hakuna kitu kinakigusa, lakini kinapiga makelele ndani: mukue, mukue! Selule inakua bila kutumwa. Hiyo njo kanseri." Wakuu wa Chama, waliotuimbisha kila asubuhi kwenye bendera, wakatazamana.

Hapo prefe akanipa ishara. Sikuwa nimeelewa hata chembe, kwa sababu muda wote nilikuwa najikumbusha hotuba yangu. Nikasimama, nikatoa sauti ya redio, nikamwita sitwayene, yaani raia, kama tulivyoamriwa kuitana: "Tunamushukuru sitwayene kwa kutuonyesha kama Chama chetu njo kiko na makelele kupita vyote, na selule zetu zitakua bila kutumwa na muntu!" Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, kisha akakimeza kama aliyemeza mwiba wa samaki. Nikadhani ninashangiliwa. Nikarudia.

Jumatatu tuliitwa wote wawili ofisini kwa komisere. "Ni nani alikutuma useme Chama ni kanseri?" alimwuliza mwenzangu.

"Sikusema Chama, Mukubwa. Nilisema mwili."

"Na huyu?" Kidole kikanielekea.

"Huyu hakuelewa kitu."

Sijapata kutetewa vizuri namna hiyo tangu nizaliwe. Komisere alinitazama, akaamini papo hapo. Kisha akawatoa askari wake nje na kufunga mlango, akanisahau kama mtu anavyosahau kiti. Sauti yake ikashuka. "Sitwayene, mama yangu iko na kivimbe kwa titi. Anakikanda na majani, anasema kitaisha."

"Kinamuuma?"

"Hapana. Kinakua tu."

"Mimi si munganga, Mukubwa. Lakini usingoje. Umupeleke Kisangani, wamupime. Kama hakiumi, hiyo haina maana kama iko muzuri."

Alimpeleka. Mama yule alipasuliwa akapona. Miaka baadaye nilimwona sokoni akigombana na muuza mihogo kwa nguvu zake zote. Lakini taarifa ya mkutano wetu wa Jumamosi ilikuwa imekwisha kupanda juu kwa wakubwa wake, na komisere hakuweza kuirudisha, au hakuthubutu. Mwalimu akahamishiwa Lubutu, mbali na ndugu zake. Mimi nikapandishwa cheo, maana taarifa hiyohiyo ilinitaja kuwa mwanachama mwenye moto. Nilipomtembelea huko nilimkuta amezungukwa na wanafunzi, wengi wao wakiwa leo wauguzi huko Obokote na kwingineko. Nikamwambia kwamba mji ulimdhulumu. Akacheka: "Na wewe ulisema kweli tupu siku ile. Ila hukujua."

Nimekula kwa maneno maisha yangu yote, nikidhani kazi ya neno ni kutoka mdomoni. Neno halijafanya kazi mpaka lipate pa kushika. Langu lilipita juu ya vichwa vya ukumbi mzima. Lake, lililosemwa polepole, lilimshika mtu mmoja mahali ambapo hakuna aliyepaona, hata akamwahi mama yake. Mwenye kusema hachagui litakaposhika. Kwa hiyo aseme kweli, aiseme kwa utulivu, na ikishafika anyamaze. Hilo la mwisho yeye alilijua tangu ujana. Mimi nimezeeka nalo likiwa bado linanishinda.