Daktari wa Samaki wa Bariadi

Mwanangu, ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kila nikiona mtu amebeba ndoo. Nitakusimulia, maana nimesikia na wewe umefungua tovuti ya kazi zako za ushonaji, na unatafuta namna ya kuonekana wa kwanza watu wanapotafuta fundi mtandaoni. Mimi niliwahi kuonekana wa kwanza. Keti nikwambie kilichonipata.

Haya ni mambo ya ujana wangu. Usicheke. Nilikuwa na miaka sitini na nimeshastaafu, lakini upumbavu una ujana wake, na wangu ulichelewa kubalehe.

Nilikuwa bwana mifugo. Zaidi ya miaka thelathini nimezunguka Bariadi, Maswa na Meatu nikichanja, nikiogesha, nikiingiza mkono mpaka begani kwa ng'ombe walioshindwa kuzaa. Nilipostaafu nikafungua tovuti. Kurasa sita tu, nimeziandika mwenyewe kwa vidole viwili: magonjwa ya ng'ombe kama ndigana kali, chambavu na mapele ngozi, na namna ya kumlea ndama aliyefiwa na mama yake. Mfugaji akiandika swali kwenye simu, analetewa orodha ya tovuti, anachagua, anaingia kwangu, anasoma, ananipigia. Nikawa na raha zangu.

Kisha ikaja hii akili unde. Mtu akiuliza, haletewi tena orodha ya kuchagua. Mtambo wenyewe unasoma tovuti za watu, unachanganya yaliyomo, unamjibu pale pale juu kabisa. Anashiba kabla hajafika kwangu. Wageni wa tovuti yangu wakapungua kama maji ya Mto Simiyu kiangazi. Simu ilinyamaza hata nikawa naipigia kwa simu ya mke wangu kuhakikisha kama bado inalia.

Nikamwendea bwana mmoja mjini, mvaa tai, aliyejulikana kwa kupandisha tovuti za watu. Akaniambia, "Mzee, una kurasa chache. Hii mashine inampenda aliyeandika kila kitu. Na usijichoshe, iambie akili unde yenyewe ikuandikie."

Nikaona hii ndiyo dawa. Nikaiagiza iandike kuhusu ng'ombe, mbuzi, punda, kuku, bata mzinga, ngamia, nyuki na samaki. Haikupita wiki nikawa na kurasa mia mbili na ushee, na sikusoma hata moja. Juu ya kila ukurasa niliweka picha yangu nimevaa koti jeupe, na maneno: Daktari Maduhu, bingwa wa mifugo yote, nchi kavu na majini. Udaktari wenyewe nilipewa na wafugaji kwa heshima tu. Cheti changu kinasema stashahada. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Hawakusema kwamba kwanza huyapata, na hapo ndipo penye hatari.

Basi, asubuhi ile nilikuwa barazani nakunywa uji. Mama yangu, ambaye macho yake bado yanaona mpaka makosa ya watu, alikuwa anapepeta choroko. Akaingia mama wa makamo amejitwisha ndoo, kanga imelowa mpaka mabegani.

"Mwangaluka," akatusalimu.

"Mwangaluka, mayu. Karibu."

"Namtafuta daktari wa samaki."

Nikageuka kuangalia nani yuko nyuma yangu.

"Simu imesema ni wewe," akaniambia. "Niliiuliza, samaki wangu wanakufa, nani wa kunisaidia hapa Simiyu? Ikajibu, Daktari Maduhu wa Bariadi."

Aliitwa Mama Kabula, ametoka Nassa, kando ya ziwa, kwa basi la kwanza. Mumewe alishafariki, na bwawa lile la samaki alilichimba kwa jembe yeye na binti zake. Ndani ya ndoo mlikuwa na sato wawili. Mmoja amelala ubavu. Mwenzake anajiandaa kumfuata.

Mwanangu, hapo ningesema, "Samaki siwajui." Maneno mawili tu. Lakini ilikuwa miezi mingi sijaitwa daktari! Niliingia ndani, nikatoka na koti jeupe na kile kipimo cha kusikilizia mapigo ya moyo. Nikamwinua yule samaki mzima kidogo, nikamwekea kipimo ubavuni, nikafumba macho. Samaki akanichapa mkia shavuni.

"Homa," nikasema.

Mama yangu akaacha kupepeta. "Maduhu, huyo samaki amekwambia nini?"

"Mayu, niko kazini," nikamwambia mama.

"Nakuuliza kwa sababu nimekuzaa mimi, na hujawahi kutofautisha sato na kambale mpaka wawe kwenye sahani."

Mama Kabula hakucheka. Alisema polepole, "Daktari, sijui nimekosea wapi. Nimefuata maelekezo yako yote."

"Maelekezo yapi?"

"Ya samadi. Simu ilisema kwamba wewe umeandika nimwage debe la samadi ya ng'ombe bwawani kila siku, samaki wanenepe. Nimemwaga wiki mbili, sijaruka hata siku moja."

Nikaomba simu yake, nikausoma ukurasa wangu kwa mara ya kwanza. Juu picha yangu inatabasamu. Chini yake: debe moja, kila siku. Samaki siwajui, mwanangu, lakini samadi naijua sana. Nilikuwa nawaua samaki wa mjane kwa maneno ambayo hata sikuyaandika.

Mama yangu hakupandisha sauti. "Baba yako alijua ng'ombe tu," akasema. "Ukimletea mbuzi anakwambia nenda kwa fulani kule Sola, huyo ndiye wa mbuzi. Kwa hiyo akisema ng'ombe wako atapona, ulikuwa unalala usingizi. Wewe umelichukua jina lake ukakiazimisha kitu kisichojua hata harufu ya zizi. Vua hilo koti, umsindikize mwenzio."

Nikalivua. "Mama Kabula," nikasema, "mimi si daktari wa samaki. Yale maneno sikuyaandika wala sikuyasoma. Nisamehe."

Akainama akachungulia ndoo yake. "Kwa hiyo huyu samaki hana homa?"

"Sijui kama samaki hupata homa."

"Haya, twende. Tutagombana kwenye basi."

Na kweli aligomba mpaka Lamadi, abiria wakimsaidia. Njiani tulimpigia afisa uvuvi, binti wa Kitanga aliyepangiwa kazi huku, naye akatukuta bwawani. Aliniamkia kwa adabu zote, akachungulia maji, akasema, "Mzee, samaki hupumua humu humu majini, na samadi ikioza inamaliza hewa yote. Nyie mmewajengea zizi."

Akatuelekeza: samadi isimame kabisa, maji machafu yapunguzwe, mapya yaingie. Nilibeba ndoo pamoja na wale mabinti mpaka jua likaelemea ziwani. Samaki wengi walikuwa wamekwisha kufa, sitakudanganya. Lakini waliobaki waliacha kuhema juu ya maji, na Mama Kabula akanipa uji. Sikustahili, nikaunywa.

Niliporudi nilizifuta kurasa zote za akili unde, nikabakiza zangu sita. Mashine ikachukua miezi kunisahau. Mtu akanipigia kutoka Maswa kuhusu nyuki wake, nikamjibu, "Nyuki siwajui." Mwingine akauliza habari za ngamia. "Ngamia simjui." Kila nikisema hivyo nilihisi nimepungukiwa na kilo moja ya uongo.

Kisha nikaanza kuandika upya, taratibu, yale tu niliyoyashika kwa mikono: tezi ya ndama chini ya sikio inavyovimba siku ya kwanza, ya pili, ya tatu; makosa niliyoyafanya mwenyewe, na ng'ombe waliokufa kwa sababu ya makosa hayo. Nikaandika na nisichokijua, na mtu wa kumwendea. Siku moja akanipigia mfugaji wa Kimali. "Simu imeniambia dalili za ndama wangu," akasema, "ikasema imezitoa kwako. Nikaona huyu mtu amewahi kumshika ndama. Njoo." Nilikwenda. Ndama alipona.

Wanaonipigia sasa ni wachache kuliko zamani, mwanangu. Ila anayepiga ananihitaji kweli.

Kwa hiyo, kwenye tovuti yako, andika kile ambacho sindano yako imekifundisha. Jibu swali la mteja waziwazi, kama amesimama mbele yako na kitambaa mkononi. Hiyo mashine inasoma kila kitu, lakini haijawahi kukata kitambaa kikaharibika. Wewe umeharibu vingi, na huo ndio utajiri wako. Ikikusaidia kuandika, na ikusaidie, lakini lisitoke neno chini ya jina lako hujalisoma, maana kutakuwa na mtu mahali atakayelifuata. Usikimbilie kuonekana na wote. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na ukiulizwa usichokijua, yale maneno mawili hayajawahi kumuua mtu, wala samaki.

Mungu aibariki mikono yako. Wanaokutafuta wakuone, na wakikuona wakukute ulivyosemwa.