Kibuyu cha Miaka Mia

Nichekeni tu, nimestahili. Mimi ndiye msomi wa makumbusho yetu hapa Bomet, yale yaliyo katika banda la farasi la mzungu wa zamani wa mashamba ya chai. Nina diploma moja, na dharau ya kutosha kaunti nzima.

Jumatano nilikuta kibuyu kwenye rafu, hakina lebo. Nimuulize nani? Mama Chebet anayefagia? Nikaandika: "Kibuyu cha vita, miaka mia."

Saa nne wakaja akina mama wa kanisa kutoka Kimulot. Mmoja akasema, "Mwalimu, kibuyu kitupu huachwa wazi kikauke. Hiki mbona kimefunikwa?"

Nikatabasamu kama profesa. "Mama, wazee walifungia humo ujasiri wa mashujaa."

Wakatazamana. Nikang'oa kifuniko, nikakiinamisha kibuyu waone kilivyo kikavu. Mursik ikanimwagikia, maziwa mazito ya kuganda yenye mkaa, kuanzia tai hadi viatu.

Mama Chebet akaingia na vikombe viwili. Akasoma lebo yangu polepole, kwa sauti.

"Miaka mia, mwalimu? Maziwa haya niliyakamua Jumapili. Na kikombe kimoja kilikuwa chako."